Geto

Nilimpigia babu nikiwa na furaha:
nimepata geto Nkuhungu, chumba kimoja,
mlango wa bati, choo cha pamoja,
luku tunachangia watu watano.
Akanyamaza. Nikadhani ni mtandao wa Kongwa.
Haloo, babu, haloo, salio linaisha,
ndipo akauliza: "Geto? Nani amekufungia?"

Nikacheka. Geto, babu, chumba cha kupanga,
cha kijana anayeanza maisha.
"Neno hilo," akasema, "nililisikia mama yako hajazaliwa.
Lilikuwa na ukuta."

Mwaka arobaini na nane, Kongwa ya karanga,
vifaru vya vita vimevuliwa mizinga vikafundishwa kulima.
Babu Chilongani, miaka kumi na sita, spana boi
wa fundi aliyeitwa Lejzor.
Karakana nzima ilimwita Leizeri,
na wengine, kwa wembamba wake, Ufito.

Udongo ule unaujua: masika tope, kiangazi saruji,
na mchanga ndani yake unatafuna chuma.
Jembe jipya la Jumatatu, Ijumaa ni kisu cha kumenyea viazi.
Wakubwa walitukana. Leizeri alicheka
mpaka akakaa chini, grisi mikononi,
kicheko cha mtu anayekohoa.
Kisha, kwa Kiswahili chake cha miezi saba:
"Mimi kule kazi yangu kutia mchanga.
Hapa kazi yangu kutoa."

Kule, Poland, mji wa viwanda vya nguo,
mtaa umezungushiwa mbao na waya,
Wayahudi ndani, bunduki nje.
Ana miaka kumi na mitatu, anapaka grisi malori ya jeshi,
na kila kopo analitilia mchanga,
kiasi cha chumvi ya mboga.
Dada yake Frymet, kumi na sita,
anashona glavu za askari wanaokwenda kwenye theluji.
Kidole cha shahada anakibana kwa ndani, uzi mmoja,
ili siku ya baridi kali
mkono ukitafuta kifyatulio, ukwame.
Jozi moja katika kila thelathini.
Walipiga hesabu: zaidi ya hapo ni kujiua.

Usiku, vijana saba darini, juu ya tanuri lisilo na mkate.
Aliyefika aljebra anawafundisha walioishia kugawanya.
Chaki ni chokaa ya ukutani.
Walijitungia mtihani, wakasahihishana,
na mmoja akafeli, akalia.
Watu wanakufa kwa njaa ngazini,
yeye analilia mtihani.
Hapo, alisema babu, Leizeri alitabasamu
kama mtu anayemsifu mwanawe.

"Na dada?" babu akauliza.
Leizeri akawasha injini.

Babu hakurudia swali.
Kwao pia lilikuwepo neno lisilotajwa chakula kikiwa mezani:
Mtunya, njaa iliyoachwa na vita vya wageni
walipokwisha kula ng'ombe na kuchukua wapagazi.
Mama yake, Sechelela, alibadilishwa kwa kibuyu cha uwele
akiwa mtoto wa meno ya kung'oka.
Alirudi kwao ameshakuwa binti,
na hakuwahi kusema kibuyu kilikuwa cha ukubwa gani.

Babu tumemzika Machi.
Mimi nimepewa sanduku la spana, wajomba mashamba.
Chini kabisa, chini ya namba kumi na saba,
glavu moja ya turubai, imekauka oili,
mishono midogo kama mayai ya sisimizi.
Leizeri alimshonea kama mfano, aone
inavyofanywa.

Nimeivaa leo, nimekaa kwenye godoro.
Dole gumba limeingia. Vya pembeni vimeingia.
Cha shahada kimefika kifundo cha pili, kikagoma.
Nilisukuma. Uzi wa miaka sabini na kitu
haukukatika.

Hodi. Ni Mama Mdala, anakusanya hela ya luku.
Nakuja, mama.
Nikavuta komeo kwa mkono uleule, kwa shida.
Komeo liko upande wangu.